Chaki Mlangoni kwa Bi Harusi

3 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Kabla ya salamu naomba radhi. Najua umekuwa ukinihesabia. Tangu tumzike Baba ni miezi minane, na barua yako ya pole niliisoma, nikaikunja, nikaiweka juu ya kabati nikisema nitajibu Jumapili. Jumapili zimekuja na kupita kama nguo za kufua, nikimaliza rundo moja lingine lipo mlangoni. Usifikiri nilikusahau. Nilikuwa nikikuandikia kichwani kila asubuhi nikibeba ndoo, ila kichwani hakuna stempu.

Huku hatujambo. Mama ni magoti tu, na ubishi. Amehamia kwenye kiti cha Baba, anasema mgongo wake unakipenda, lakini namwona anavyoshika ile mikono ya kiti. Mpwa wako ametimiza miezi saba, tunamwita Tonge kwa sababu ndivyo alivyo. Ameota meno mawili na ameshaniuma mara tatu. Shemeji yako yuko kiwanda cha matofali, anarudi mwekundu kichwa mpaka vidole, Tonge anamlilia mpaka anawe ndipo amtambue.

Mimi nimepewa kazi ya Baba pale kwenye uwanja wa kufundishia watoto kupanda farasi. Ndoo za Baba, mabuti ya Baba (nimejaza magazeti kwenye ncha yanibane), na Tonge mgongoni. Wakati mwingine nikiingia asubuhi, kabla taa haijawashwa, farasi wote tisa wanageuza vichwa kwa pamoja, halafu wanarudi kula hewa. Nadhani ni yale mabuti. Wanasikia hatua zake, wanakuta ni mimi.

Sasa jambo lenyewe. Ni farasi wetu Bi Harusi. Yule mtoto wa farasi jike Mama Mkwe, niliyemlisha uji kwa kijiko mama yake alipoondoka, mpaka mkaniita Kijiko na jina likaganda. Amefika miaka kumi na minane sasa. Kaka, amebadilika. Shayiri anaila nusu anaiacha, yeye aliyekuwa akilamba ndoo mpaka inang'aa. Manyoya yamekuwa kama zulia la mlangoni. Anapiga miayo, anasaga meno. Nikishika mkanda wa tumbo kufunga tandiko, kabla hata haujamgusa, analaza masikio na kugeuza shingo atafute mkono wangu. Mwezi uliopita aliupata mkono wa sweta la mwanafunzi. Mtoto hakuumia, sweta ndilo lililokufa. Lakini mama wa mtoto alipiga kelele mpaka mtaa wa pili.

Bosi unamjua, yule tuliyemwita Bosi Saa. Bado anaitazama saa hata akila. Akaniambia, "Mpaka mwisho wa mwezi wa saba. Asipoacha ukorofi, naita lori." Lori lile lile, Kaka, la yule mzee anayechukua farasi wasiotakiwa na mtu.

Halafu wiki iliyopita nikaona kitu. Unaukumbuka mlango wake, ule wa vipande viwili, na kile kipande cha juu Baba alichokuwa akiandika kwa chaki kila tarehe moja, KAZI KWANZA, CHAKULA BAADAYE? Hakuna aliyeugusa tangu afe. Nilipofika Jumatatu nikakuta maneno hayapo. Nikamfikiria kila mtu, nikawaka hasira pale. Kumbe ni Bi Harusi. Ametoa shingo nje, amelamba chaki yote anayoifikia. Limebaki KAZI, tena nusu. Mama nilipomwambia alisema, "Basi angalau kazi imebaki."

Kaka, nilicheka, halafu nikakaa chini juu ya ndoo. Unakumbuka Baba alivyokuwa akitafuna chaki? Akimaliza kuandika anakata kipande, anatupa mdomoni kama pipi, anakwambia inatuliza tumbo. Sisi tulimwiga, mimi na wewe, tukaoneshana ndimi nyeupe. Na hospitali siku ile ya mwisho, alipotapika damu, daktari alisema nini? Vidonda vya tumbo, vya miaka. Na Baba hakuwahi kula asubuhi. Sheria ya mlangoni ilikuwa yake pia.

Nimeanza kufikiri jambo ambalo sitaki kulifikiri peke yangu. Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba, ulikuwa mkono wa kulia wa Baba. Mimi nilikuwa na tisa. Niambie mambo mawili tu. Mama Mkwe alikuwaje kabla hajaondoka? Na alipelekwa wapi?

Mdogo wako,
Kijiko


2 Aprili

Mdogo wangu Kijiko,

Barua imefika na duara la kikombe cha chai kwenye kona, nikajua kweli imetoka nyumbani. Nimeinusa. Usicheke. Ilikuwa na harufu ya sabuni ya ngozi, ile tuliyokuwa tukipaka matandiko.

Mimi mzima. Bado niko karakana ya nyavu. Tunasuka nyavu za magoli na zile kubwa za kufunikia mizigo ya malori. Vidole vimekuwa kama misumari lakini kazi ni ya kukaa, na hakuna anayekupiga teke. Kiungulia kinanisumbua kidogo, si kitu, ni chai ya huku. Mbusu Tonge. Mwambie mjomba wake naye aliwahi kukuuma, alama iko kwenye bega lako la kushoto kama hujaisahau.

Kuhusu Bi Harusi sikiliza, wewe una moyo laini, na moyo laini ni mzuri kwa mtoto, si kwa farasi wa miaka kumi na minane. Farasi akishashika tabia ya kuuma haiachi. Inatoka kwa mama yake. Damu ni damu. Usimlinganishe Baba na mnyama, na usiguse sheria yake. Miaka thelathini hakuna farasi aliyeanguka na mpandaji mbele yake kwa sababu ya tumbo zito. Alikuwa akisema farasi wa shibe ni farasi wa kuburuta, na alijua anachosema.

Ya Mama Mkwe yamepita. Alikwenda shambani, kwenye majani mengi. Baba alituambia wote, na wewe ulikuwepo.

Mama apumzishe magoti.

Kaka yako


11 Aprili

Kaka yangu,

Salamu nyingi. Barua yako imefika mapema, ahsante. Mama aliniomba niisome mara mbili, mara ya pili akaisogeza karibu na macho akasema, "Anaandika kama Baba yake. Herufi zile zile." Ni kweli. Nilipoiona bahasha moyo ulinipiga.

Tonge ameanza kutambaa. Anatambaa kinyumenyume, anakwama chini ya kitanda, anatuita.

Sikukungoja, Kaka. Nilimwita daktari wa mifugo, yule mwanamke mfupi anayetembea na kapu la dawa. Alimzunguka Bi Harusi bila kumgusa kwanza. Akamtazama manyoya, akatazama ndoo iliyobaki shayiri, akatazama mlango uliolambwa. Akaniuliza anafanya kazi saa ngapi na anakula saa ngapi. Nikamwambia kwa fahari, maana ndivyo nilivyolelewa: anaamshwa, anapigwa brashi, anafanya kazi mpaka saa sita, ndipo anapata shayiri, debe zima. Na jioni tena.

Akaniuliza, "Majani je?"

"Fungu moja jioni."

"Linakwisha saa ngapi?"

"Kabla sijafunga mlango."

Akatikisa kichwa. Akageuza ndoo ya Baba akaikalia, akanieleza kama anavyoelezwa mtu mzima, nikampenda hapo hapo. Anasema sisi binadamu tumbo letu linangoja chakula ndipo litoe tindikali kwa wingi. La farasi halingoji. Linatoa mchana kutwa na usiku kucha, awe amekula au hajala, kwa sababu Mungu alimuumba atafune majani kidogo kidogo siku nzima. Kinachoizimua ile tindikali ni mate, na mate ya farasi hayatoki mpaka atafune. Sasa mnyime majani usiku, mtoe asubuhi tumbo tupu, mkimbize. "Umewahi kubeba ndoo nusu ukikimbia?" akaniuliza. Nikasema kila siku. "Basi ndivyo inavyoruka ndani yake. Inapiga sehemu ya juu ya tumbo, ambako hakuna ute wa kukinga. Inachoma, kesho inachoma pale pale." Shayiri nyingi kwa mpigo nayo inazidisha. Na ile dawa ya maumivu ya mguu ambayo Bosi alimpa miezi miwili mfululizo, hiyo ilikuwa chumvi juu ya kidonda.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo hana kiburi?"

"Mfunge mtu mwenye vidonda mkanda tumboni, uone kama hatakuuma."

Kuna kipimo cha mpira mrefu wenye kamera lakini kiko mbali, kwa hiyo tunatibu kwa dalili. Amenipa dawa ya bomba, nzito kama dawa ya meno, nampa mdomoni kila siku kwa mwezi, halafu napunguza taratibu, nisikate ghafla. Lakini amesema dawa bila kubadili ulishaji ni kufuta sakafu huku bomba limefunguliwa. Majani yasiishe mbele yake. Kabla ya tandiko, beseni la majani, hasa luseni, yale ya majani madogo, yana kitu ndani yake kama kile kilichomo kwenye chaki. Shayiri kidogo kidogo mara nne. Atolewe uwanjani na mwenzake, asikae peke yake.

Nikampelekea Bosi maneno hayo. Akatazama saa. "Baba yako ndiye aliyenifundisha kanuni ile, na banda zima linaendeshwa kwayo. Leo nibadilishe kwa neno la binti mwenye mtoto mgongoni?" Nikamwambia ni neno la daktari. Akasema daktari hajui farasi wake. Halafu akasema, "Kaka yako ndiye aliyefundishwa na mzee. Akiniandikia yeye kuwa kanuni ina makosa, nitasikia."

Basi ndiyo hiyo, Kaka. Karatasi moja. Na kama unaweza, wavu wenye matundu madogo, nimtilie majani humo avute kidogo kidogo yasiishe upesi.

Sikuandikii kumtukana Baba. Nataka ajue, kama wanajua huko, kwamba mwanawe alimwelewa tumbo baada ya yeye kufa.

Kijiko


9 Juni

Kaka,

Leo salamu ni fupi, mtoto ana homa ya meno na mimi nina homa ya mtoto.

Miezi miwili. Wavu sikuuona, karatasi sikuiona. Postamasta ameshanizoea, nikiingia tu anatikisa kichwa ili nisipange foleni bure.

Nilianza bila ruhusa. Nilikuwa nafika mapema namwekea luseni kwenye beseni la kumwogeshea Tonge, ale wakati nampiga brashi. Wiki tatu hivi, na dawa, akaanza kubadilika. Alimaliza shayiri. Siku moja aliweka pua kwenye shingo ya Tonge akapumua, mtoto akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Nilisimama pale na brashi mkononi nikawaza, Baba angeona hii.

Halafu Bosi akaja mapema akakuta beseni. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Alisema, "Baba yako asingenificha." Sasa anasimama mwenyewe mlangoni kila asubuhi mpaka nifunge tandiko, na farasi anatoka na njaa. Jumanne amemwuma Bosi mwenyewe. Siku zinakwisha, na dawa imebaki ya siku chache.

Sikulazimishi tena kuhusu wavu. Lakini wewe si mtu wa kunyamaza. Ulinifundisha kusoma kwa kuniandikia vikaratasi vya kejeli na kuvificha kwenye mabuti yangu. Kama huwezi kuniandikia kuhusu farasi, basi kuna kitu kuhusu farasi. Kama ni kibaya kiandike vibaya, herufi zikipinda nitazisoma. Nina miaka ishirini na saba, Kaka, usiniandikie kama nina tisa.

Nimechoka, lakini si kwako.

K.


30 Juni

Kijiko,

Mtoto amepoa? Nimewaza homa ile kila siku, na bado sikushika kalamu. Nisamehe hilo kwanza.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, imekunjwa peke yake, imeandikwa jina la Bosi. Mpelekee leo hii kabla hujasoma yaliyobaki. Nakujua, utasoma kwanza. Basi soma.

Mama Mkwe hakuwa na kiburi. Alikuwa akipiga miayo, akisaga meno, akiacha shayiri. Akilala chini baada ya kula, akigeuza shingo kutazama ubavu wake. Baba alisema ni jeuri baada ya kuzaa, na jeuri inaondolewa kwa njaa. Akaniambia mimi nimnyime. Nilimnyima. Kila alivyozidi kuuma, nilizidi kumkaza mkanda. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilitaka Baba aseme nina mkono wa kuongoza farasi.

Hakuna shamba. Siku ile Baba alishindwa kutoka nyumbani. Alikaa kitandani akavaa buti moja, akaniambia, "Mpeleke wewe." Nikamshika kamba tukaenda kwa miguu mpaka lilipokuwa lori, ile barabara ya nyuma yenye mtaro. Kulikuwa kumenyesha, majani ya kando yalikuwa marefu mpaka magotini. Alisimama. Akainamisha kichwa akayagusa kwa mdomo, taratibu, kama anayeomba. Mimi nikamvuta. Kwa sababu sheria ilisema hakuna kula kabla ya safari. Akasimama tena mbele kidogo, nikamvuta tena. Mara nne, Kijiko. Lori lilikuwa halina haraka yoyote. Ningeweza kumwacha ale mpaka jua lizame, nani angeniuliza?

Hakuniuma siku ile. Alipanda lori kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Yule mzee akamvua hatamu ya kamba akanirudishia, "Shika yako, huko aendako haihitajiki." Ninayo mpaka leo, iko kwenye msumari juu ya kitanda changu.

Niliporudi, mtoto wake alikuwa akilia kwenye banda, na wewe umekaa naye na bakuli la uji na kijiko. Uliniuliza, "Kuna majani huko alikokwenda?" Nikasema mengi. Sikuweza kukaa tena na nyinyi mezani. Wiki iliyofuata nikaondoka, na Baba hakuniuliza ninakwenda wapi. Nilipoona herufi zako zinauliza alipelekwa wapi, nilisikia kitu kile kile cha siku ile tumboni.

Kwa hiyo nilipokuandikia kuwa damu ni damu, nilikuwa nikijitetea. Ikiwa Bi Harusi ni mgonjwa, basi na mama yake alikuwa mgonjwa, na mimi nilimvuta kutoka kwenye dawa yake.

Mpe majani. Mpe mpaka achoke.

Wavu mmoja nimeuweka pamoja na barua. Nimeusuka mwenyewe baada ya kazi, matundu ya vidole viwili. Kama yanambana sana, niambie.

Kaka


5 Agosti

Kaka yangu mpenzi,

Sote wazima. Homa ilikwisha ikaacha meno manne. Shemeji yako anakusalimu, amesema ukija atakutafutia mahali pa kulala pasipo na vumbi la matofali, sijui atapatoa wapi.

Karatasi ilifika tarehe nane Julai, nikampelekea Bosi. Nilisoma kwanza, ulinijua. Yeye aliisoma amesimama, halafu akaisoma amekaa, na hakutazama saa. Sijui ulimwandikia nini na siulizi. Alisema tu, "Herufi za mzee kabisa." Akaondoka mlangoni kwa Bi Harusi, kesho yake asubuhi sikumwona. Daktari akaongeza dawa. Wavu nikaufunga kwenye ndoano pale Baba alipokuwa akitundika kofia.

Bi Harusi siku ya kwanza aliutukana ule wavu. Alizozana nao, akaupiga kwa pua, akanitazama kama nimemtania. Siku ya tatu alikuwa ameshajua kuvuta unyasi mmoja mmoja kwa midomo, kama mwanamke anayechambua mchele. Anatafuna mchana kutwa. Nikiwa nafagia nasikia ile sauti, krau, krau, na Kaka, hiyo ndiyo sauti iliyokosekana banda lile maisha yetu yote. Tulikua kwenye banda la kimya, tukadhani kimya ni nidhamu.

Tarehe thelathini na moja Bosi akaja na saa yake. Akasema, "Leo nafunga mimi." Nikamwambia subiri amalize luseni. "Dakika ngapi?" Nikasema kumi na tano. Akangoja, wallahi, amesimama mikono nyuma. Halafu akaweka tandiko, akapitisha mkanda chini ya tumbo. Mimi nilimshusha Tonge mgongoni nikamziba macho ili asione kama itakuwa mbaya, mtoto wa miezi kumi na miwili, ataelewa nini, lakini ndivyo nilivyofanya. Bosi akakaza tundu la kwanza. La pili. Bi Harusi akageuza shingo. Nikafumba macho. Alikuwa ananusa mfuko wa koti lake.

Bosi akauliza, "Nani kamtia adabu?"

Nikasema, "Majani."

Lori haliitwi. Na farasi wengine wanane wanapata beseni asubuhi kuanzia Jumatatu. Daktari anasema wawili wao nao walikuwa wameanza kusaga meno.

Sasa ya Mama. Barua yako sikutaka kumsomea ile sehemu, lakini aliniuliza kwa nini nimeruka mstari. Macho hayaoni vizuri, masikio yanaona. Nikasoma yote. Aliposikia ya majani ya mtaroni alishika mikono ya kiti. Baadaye sana akasema, "Baba yako alijua." Nikamwuliza alijua nini. Akasema tangu siku ile Baba hakuita lori tena. Kila farasi aliyechoka, Bosi akitaka kumtoa, Baba alikuwa akisema bado ana kazi, bado ana kazi, mpaka wakafia bandani wamelala kwenye majani makavu kama wazee wa watu. Lakini sheria ya mlangoni hakuweza kuifuta. Mama anasema, "Angeifuta, angelazimika kumwita yule kijana arudi na amtazame usoni." Ndiyo maana kila tarehe moja aliandika upya. Na alipomaliza kuandika, tumbo lilimuuma, akatafuna chaki ile ile.

Ningetaka kumkasirikia. Nashindwa. Nikivaa mabuti yake asubuhi bado nasikia alivyokuwa akikohoa mara mbili kabla ya kufungua mlango, ili farasi wasishtuke. Alikuwa mpole kwa vitu vingi. Hili lilimshinda.

Na wewe ulikuwa na miaka kumi na saba, Kaka, na kamba hukujipa mwenyewe. Nimekwenda ile barabara ya nyuma nikiwa na Bi Harusi, Jumapili, baada ya mvua. Majani bado yanaota vile vile. Nilimwachia kamba. Alikula kuanzia mtaro mpaka kwenye daraja, mwendo wa dakika tano tukautumia saa nzima, Tonge amelala mgongoni. Sikumvuta hata mara moja. Nimeishika zamu yako.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapokuwa mkali. Ulisema kiungulia si kitu. Ulisema umesikia kitu kile kile tumboni. Unakwenda kazini na chai kavu, usinidanganye, wewe ni mtoto wa mlango ule kama mimi. Mimi nimeacha. Nakula kipande cha mkate nikiwa nimesimama na mtoto anakilamba upande wa pili, lakini nakula. Baba naye alisema si kitu, na nilimshikia beseni.

Ninavyohitaji bado unitumie ni hivi:

Nyavu nane nyingine, matundu ya vidole viwili kama ule wa kwanza, ila ukingo uwe na kamba nene, Bi Harusi amejua kuuvua kwenye ndoano.

Hatamu ya Mama Mkwe. Umeitunza peke yako miaka ya kutosha. Itatundikwa kwenye msumari wa mwanawe.

Ubao wa kiasi cha mkono mmoja, umepakwa rangi nyeusi, umeuandika wewe kwa rangi nyeupe isiyolambika, kwa herufi zako ambazo ni za Baba: MAJANI KWANZA, KAZI BAADAYE. Mama ndiye aliyeyachagua maneno, na amesema uyaandike makubwa, ayasome akiwa mlangoni.

Karatasi ya hospitali inayoonesha umekwenda kupimwa tumbo, yenye tarehe na muhuri. Maneno yako sitaki, nataka muhuri. Hii nimeiandika mwisho, lakini uitume kwanza.

Mdogo wako,
Kijiko